Maji Yasiyogusa Udongo

Saranda, 14 Julai 1912

Kwa dada yangu Zipora, mjane wa Mwalimu Nikodemo, Mvumi.

Shikamoo dada. Nakusalimu katika jina la Bwana wetu, mimi mdogo wako Kefa. Mimi mzima, isipokuwa mafua ya vumbi la hapa, nayo hayajaua mtu bado. Wewe hujambo? Mbuzi wamezaa? Na yule jogoo mkorofi yu hai, au ulishamla? Nisalimie Loisi jirani yako na watoto wake wote.

Kazi yangu hapa stesheni ni ile ile, kulinda tangi kubwa la maji ya gari la moshi. Gari likifika lina kiu kuliko ng'ombe wa kiangazi, nami nalinywesha. Likiondoka, napanda ngazi kutazama kilichobaki, nasugua, naziba. Bwana Mdachi wetu husema mimi na tangi tumeoana.

Sasa nieleze shabaha yangu. Tangu Mwalimu alipofariki nakuwaza sana, hasa alfajiri. Najua saa hiyo umejitwika mtungi unashuka korongoni. Najua pia kwamba mwezi huu visima vya mchangani vimekwenda chini hata mtu aingie mwili mzima ndipo ateke kata moja. Nawe si kijana tena. Usinune, nasema kweli tu. Nimeazimia kukuwekea chombo cha kuhifadhi maji ya mvua hapo hapo nyumbani. Paa la tembe lisingefaa, udongo wake ungetupa tope. Lakini Mwalimu, Mungu amrehemu, aliezeka chumba cha mbele kwa mabati na watu wakamcheka. Mabati yale yatatukingia maji.

Chagua wewe. Kuna pipa la mti, kuna birika la mawe na saruji kama wafanyavyo watu wa pwani, na kuna tangi la bati. Nijibu upesi, mvua hazingoji mtu.

Mdogo wako akupendaye,
Kefa


Mvumi, 20 Agosti 1912

Mbukwenyi, Kefa. Nimekusalimu kwanza kwa lugha ya mama, usije ukaisahau huko kwenye reli. Marahaba. Mimi sijambo, goti tu linanisumbua asubuhi. Mbuzi mmoja kazaa mapacha. Jogoo yu hai, na juzi kamfukuza mzee wa kanisa hadi njiani, nikalazimika kuomba radhi huku nacheka.

Habari ya tangi nimeisoma mara nyingi. Wewe mtoto una mambo! Pipa silitaka. Loisi alinunua pipa Dodoma kwa Mhindi, akanywa maji ya samaki wa chumvi mwaka mzima, na kiangazi mbao zikakauka zikaachana, likawa tenga. Birika nalo ni shimo. Leo ataanguka mbuzi, kesho mtoto wa watu. Tangi la bati sijapata kulitumia, siwezi kulisema vibaya. Mimi nina mitungi yangu minne chumbani, maji yake baridi, hainisumbui.

Na nani alikwambia kwamba korongoni nateseka? Napanda na kushuka, ndiyo, na goti linalia. Lakini alfajiri Loisi hunigongea mlango kwa kata yake, "Zipora, twende!" nasi tunakwenda. Tukingoja maji yajikusanye kwenye mchanga ndipo ninaposikia nani kaposwa na nani kamrudisha mkewe kwao. Nyumba hii tangu Mwalimu aondoke haina wa kuniambia hata kwamba kumekucha.

Lakini ukitaka kuleta tangi, lilete. Sharti langu ni moja, lilete wewe mwenyewe. Hujakanyaga hapa tangu mazishi, na mazishi yamepita mwaka. Saranda si Ulaya, Kefa. Gari la siku moja na miguu ya siku mbili tu.

Dada yako niliyekubeba mgongoni mama alipotutoka,
Zipora


Saranda, 3 Oktoba 1912

Shikamoo dada. Nimefurahi kwa habari ya jogoo, nimemsomea hata rafiki yangu hapa, tukacheka. Afya yangu njema, mafua yamekwisha.

Nimekuchagulia tangi la bati. Lilikuwa la kambi ya wajenzi wa reli, nao wamesonga mbele kupita Tabora. Ni la mviringo, kimo chake kama chako, limeunganishwa kwa misumari ya kubanwa na lehemu. Nimelijaza maji nikaliacha wiki nzima, halikutoa hata jasho. Litakwenda Dodoma kwa gari la mizigo. Atalipokea Bashiri, Mrangi wa Kondoa anayekuja huko kwenu kununua ngozi. Ni rafiki yangu, mtu mwaminifu, na barua zetu atazichukua yeye. Atatafuta wachukuzi walibebe kwa miti. Mwambie, tafadhali sana, wasilivingirishe!

Sikiliza namna ya kulitunza. Lijengee kitako cha mawe, kirefu kuliko mtungi wako mkubwa, ili mtungi ukae chini ya bilula. Lisikae juu ya udongo, litaoza matako. Bilula iko juu kidogo ya sakafu ya tangi, usiishushe, kwa maana tope hutulia chini nalo si la kunywa. Mlizamu utoke kwenye mabati uingie kinywani mwa tangi. Mvua ya kwanza usiikinge. Iache ioshe paa, maana kuna mavi ya njiwa ya kiangazi kizima. Ya pili ikinge. Kifuniko kikae daima, vinginevyo utafuga viluwiluwi. Na kila mwaka kabla ya mvua mtu mwembamba aingie ndani asugue kwa mchanga.

Kuhusu kuja, kazi ni nyingi hapa.

Mdogo wako,
Kefa


Mvumi, 9 Desemba 1912

Mbukwenyi, mdogo wangu. Marahaba. Goti langu limepona, na utasikia sababu. Loisi kajifungua mtoto wa kike, uzazi salama. Mahindi bado, mtama umeota.

Tangi limefika. Loo, Kefa, laiti ungekuwapo! Walilivingirisha. Bashiri alilia koo likamkauka, lakini wachukuzi walipofika mteremko wa mwisho wakaona kwa nini wajitwishe kitu cha duara. Likashuka peke yake likinguruma, ng'ombe wa kijiji kizima wakakata kamba, mtu mmoja akapiga yowe kwamba gari la moshi limeacha reli. Limebonyea ubavuni, lakini halikutoboka. Kitako tumejenga, mlizamu Bashiri ameufunga vizuri. Ni kijana mwenye adabu. Nilimpa karanga akala akashukuru.

Mvua ya kwanza niliiacha kama ulivyosema. Ya pili nilikinga. Usiku ule nilikaa kitandani nikasikia maji yanaingia, kwanza kama mtu anamimina mbaazi kwenye debe, halafu taratibu, taratibu, kama mtu anazungumza chumba cha pili. Nikamwambia Mwalimu, unasikia? Kisha nikakumbuka.

Basi tangi limejaa, na mimi sina safari ya korongoni. Utapenda kusikia hivyo. Goti limepona kwa kukaa. Niliwaita majirani waje wateke kwangu. Loisi alikuja mara moja, akaonja, akasema yana ladha ya kisu. Wazee nao wamesema maji yasiyogusa udongo si ya kunywa watu, yametoka juu yakafungwa kabla hayajafika kwao ardhini. Hawakusema kwa ubaya. Wanateka kulekule walikozoea. Na Loisi siku hizi akipita alfajiri hanigongei. Ananyata, asije akaniamsha bure. Mimi niko macho namsikia anavyonyata.

Bashiri ameniletea kibuyu cha asali. Nikamuuliza imetoka kwa nani, akasema "kwa Mwanahawa," halafu akatazama viatu vyake. Mwanahawa ni nani?

Njoo Krismasi. Nitamchinja jogoo.

Zipora


Saranda, 28 Februari 1913

Shikamoo dada. Nisamehe kuchelewa. Krismasi sikupata ruhusa, na baadaye reli ilikatwa na maji huko mbele, tukawa mchana na usiku. Mimi mzima. Namshukuru Mungu kwa Loisi na mtoto.

Ubavu uliobonyea usiutie nyundo. Bati likigongwa kurudi mahali pake hupasuka, heri liwe na sura mbaya. Tazama tu kama rangi yake inabadilika pale. Kifuniko usisahau. Ukiona maji yana harufu, tia makaa safi ndani ya kitambaa, uyaning'inize, harufu itatoka.

Nimesoma ulivyosema kuhusu wazee. Watazoea. Hata sisi hapa watu waliogopa tangi mwanzoni.

Asali ni ya Bashiri mwenyewe. Kwao wanafuga nyuki.

Mdogo wako


Mvumi, 6 Aprili 1913

Mbukwenyi. Marahaba. Mimi mzima. Mtama umetuinamia mwaka huu, tutakula. Pasaka imepita hapa, kanisa lilijaa, nikakaa mahali petu pale nyuma, pembeni yangu pakabaki wazi. Salamu zako za Pasaka hazikufika. Na mwisho wa barua yako hukuandika jina. Karatasi ilikuishia?

Nakuandikia kwa shida. Bilula inavuja. Inadondoka usiku kucha, to, to, to, siwezi kulala. Nimeifunga kitambaa haikusikia. Naona haina budi fundi aje, na fundi wa tangi hili nimjuaye ni mmoja. Njoo hata siku mbili. Mvua bado zipo kidogo, maji yatapotea yote bure.

Jogoo bado anakungoja.

Zipora


Saranda, 30 Aprili 1913

Shikamoo dada. Pole kwa bilula. Ni jambo dogo, hata wewe utaliweza.

Ndani yake kuna kipande cha ngozi, nacho kimekauka. Nakutumia vipande viwili kwa mkono wa Bashiri, nimevikata mwenyewe na kuvilaza katika mafuta. Subiri maji yashuke chini ya bilula, au mwambie Bashiri aizibe kwa ndani wakati unaifungua. Zungusha kwa upande wa mkono wa kushoto. Toa kipande cha zamani, tia kipya, funga bila kukaza sana. Kipande cha pili kiweke kwenye mafuta ya mbuzi kwa siku nyingine.

Mimi mzima. Wasalimie wote.

Mdogo wako


Mvumi, 15 Juni 1913

Kefa, mbukwenyi. Marahaba.

Bilula nimetengeneza. Niliifungua, nikaloa mwili mzima mbele ya watoto wa Loisi, wakacheka hadi wakaanguka chini, na mimi nikacheka. Haivuji tena. Nilifanya siku ile ile Bashiri alipoleta ngozi, kwa hasira. Umenifundisha vizuri mno.

Mwezi uliopita mlizamu ulianguka. Nilijua utanitumia waya, basi nikaufunga mwenyewe kwa kamba ya ukindu, sikukuandikia.

Lakini sasa ni kubwa, si mchezo. Tangi limetoboka. Tundu liko ubavuni, usawa wa bega langu, na maji yanaruka kama mkojo wa mtoto. Nimelitilia kidole, nikakaa hivyo asubuhi nzima nimelikumbatia tangi, watu wanapita wanatazama. Mvua zimekwisha na kiangazi kirefu kiko mbele yetu. Maji yakishuka hadi hapo, nusu ya akiba yangu imekwenda. Hili halizibiki kwa barua. Fimbo ya mbali haiui nyoka, Kefa. Njoo.

Dada yako


Saranda, 8 Julai 1913

Shikamoo dada. Barua yako imenitia wasiwasi. Siku hiyo hiyo nimemwendea Bwana Mdachi kuazima chuma cha kulehemu, amekubali, lakini mwenye kukijua ni mimi tu, Bashiri hawezi.

Kwa sasa ziba hivi. Chukua nta, Bashiri anayo, ichanganye na majivu yaliyochekechwa, ifinyange ikiwa ya moto, uisukume tunduni, kisha ufunge ukanda wa ngozi kuzunguka tangi. Itashika hadi mvua.

Nataka nijue ugonjwa kabla ya dawa. Kutu ya tangi huanzia ndani, na mara nyingi chini, kwenye tope. Wewe unasema usawa wa bega. Ni pale palipobonyea? Nieleze tundu lenyewe. Ukubwa wake gani? Kingo zake ni nyekundu na zinamomonyoka, au ni safi? Zimepinda kuja nje au kwenda ndani? Pitisha kidole polepole usijikate.

Mdogo wako


Mvumi, 2 Agosti 1913

Mbukwenyi. Marahaba. Nta imeshika. Loisi anaumwa jino, wengine wazima.

Umeniuliza nami najibu kama mwanafunzi. Si pale palipobonyea, ni upande wa pili, unaotazama njia. Ukubwa wake ni wa punje ya mtama. Kingo ni safi, zinang'aa. Kwa nje ni laini. Kwa ndani nimepitisha kidole kupitia kinywani, nimepanda ngazi nikainama hadi kifua kikaingia, ni kali, nimejikata. Zimepinda kwenda ndani.

Basi, fundi, huo ni ugonjwa gani?

Zipora


Saranda, 21 Agosti 1913

Dada yangu, shikamoo. Naandika kinywa kikiwa kikavu, na utajua sababu ukifika mwisho.

Huo si ugonjwa. Kutu haitoboi bati zima, na ikitoboa, hula kutoka ndani kuja nje. Tundu safi lenye kingo zilizopinda kwenda ndani ni la msumari uliopigwa kutoka nje na mtu mwenye mkono imara. Nilipoisoma barua yako nilikuwa juu ya ngazi, kichwa ndani ya tangi la stesheni. Nikabaki humo humo. Nililia, dada, na tangi likanirudishia sauti, wenzangu wakadhani nimeanguka.

Nilikutumia tangi ili usiteseke. Huo ni ukweli, lakini ni nusu yake. Nilituma kitu kikubwa kikae uani kwako ili kikae badala yangu. Sikuthubutu kuja. Mimi si Kefa tena. Tangu mwaka juzi naitwa Yahaya. Nimesilimu, na nimemwoa Mwanahawa, dada yake Bashiri. Asali ile ilikuwa yake, alitaka kukusalimu na mimi nikamkana kwenye karatasi, naye hajui kusoma. Sasa ni mwezi wa Ramadhani, nimefunga, ndiyo sababu ya kinywa kikavu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilipenda mtu, kisha nikapenda na sala zake.

Wewe ndiwe uliyenishika mkono kunipeleka kubatizwa. Mwalimu ndiye aliyenifundisha hizi herufi ninazoandikia. Nilijiambia, nikimwambia atafunga mlango, nisipomwambia mlango utabaki wazi ingawa sipiti. Kumbe wewe uko nyuma ya mlango huo na nyundo mkononi.

Nitakuja baada ya Idi na chuma cha kulehemu. Lakini kama humtaki Yahaya, niandikie, nitampa Bashiri lehemu atafute fundi mwingine Dodoma.

Mdogo wako, kama bado ni wako


Mvumi, 29 Agosti 1913

Nimemwambia Bashiri asile wala asikae, nilipokumbuka kwamba amefunga nikacheka. Angoje tu niandike.

Nilijua tangu siku ya asali, Bashiri alipotaja jina lile akatazama viatu. Nililia, sitakuficha. Kanisani nilishindwa kuimba. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba Bashiri mnunuzi wa ngozi alijua habari za mtoto wangu kabla yangu mimi.

Kabla ya Kefa na kabla ya Yahaya ulikuwa Mlewa, na mimi ndiye niliyekuwa nakuita jioni urudi. Njoo. Mlete wifi yangu. Msumari nimeutupa.

Zipora


Mvumi, 17 Novemba 1913

Mbukwenyi, Mlewa. Salamu kwako na kwa wifi yangu. Mlifika salama? Nimehesabu, nikaona sasa mko nyumbani, vumbi la safari limeoshwa.

Tangu mwondoke watu hawana hadithi nyingine. Mzee wa kanisa alinijia kuuliza ni nani yule aliyekuwa akisali uani kwangu akielekea kaskazini. Nikamwambia ni mdogo wangu. Akaguna. Nikamkaribisha maji, akanywa ya bati, hakuuliza yamegusa nini. Kuhusu mimi na kanisa usijali, mahali pangu pa nyuma pangali pale.

Wifi yangu nampenda. Yeye ndiye aliyesema siku ya pili, na tangi limesimama pale, "Dada, nipeleke korongoni nikaone." Loisi alipotuona tunashuka wawili na mitungi alipiga kigelegele. Loisi sasa hunigongea siku mojamoja, akikumbuka. Mwambie Mwanahawa kwamba kata aliyoisahau ninayo.

Sasa nataka kukulaumu. Umeingia ndani ya tangi, umesugua, umetoka mweusi. Umelehemu tundu ndani na nje. Umebadilisha kipande cha ngozi. Umeondoa kamba yangu ya ukindu ukafunga mlizamu kwa waya. Umepaka lami chini. Mvua ya pili imeingia juzi na tangi limejaa, nami nimelizunguka na taa, nimepapasa kila mshono. Halitoi tone. Bilula nayo kimya.

Mlipokuwa hapa usiku nilikusikia unakohoa chumba cha mbele, na Mwanahawa anakwambia ujifunike. Sasa nasikia mvua tu. Nilidhani mkija mara moja itanitosha, kumbe imenizidishia. Umeziba vizuri mno, Mlewa. Nitakuita kwa lipi sasa?

Dada yako
Zipora


Saranda, 20 Desemba 1913

Shikamoo dada. Sisi wazima. Mwanahawa anatapika asubuhi na kula udongo wa kichuguu, anasema wewe utaelewa. Anakusalimu sana, kata anakuachia.

Nimeisoma barua yako usiku, nimeisoma tena asubuhi. Tangi lililozibwa namna ile laweza kukaa miaka mingi bila kumhitaji fundi. Hesabu hiyo sikuipenda.

Utakuta kitu kimefungwa ndani ya karatasi hii, fungua polepole kisikuchome. Ni msumari wa reli, ule mdogo, nimeunoa mwenyewe. Mvua zikikatika, kwanza jaza mitungi yote, maji yasipotee. Kisha piga upande ule ule unaotazama njia, karibu na mshono, panalehemika upesi. Pigo moja linatosha.

Tutakuja watatu.

Mlewa